Safari ya Pwani kwa Motakaa: Maneno kwa Jamaa Wanaokusudia Kwenda Bagamoyo, Tanga na Pangani

Likizo ya mwezi wa Juni ndiyo wakati ambapo jamaa nyingi za hapa Dar es Salaam, na hasa nyumba za walimu, hufikiri habari za safari. Zamani kwetu neno safari lilikuwa ni kwenda bara kwa wazazi, au kwenda msibani, au kuhamishwa kazi. Hakuna aliyefunga mzigo ili akaitazame nchi tu. Siku hizi wako akina baba na akina mama wapendao kuwapakia watoto wao katika motakaa na kuwaonyesha pwani kwa muda wa siku tano au juma zima, nasi twaliona jambo hili kuwa jema. Wako pia wazee wa kanisa wasemao ya kwamba kutembea kwa kutazama ni kupoteza fedha. Twawaheshimu, lakini katika neno hili hatupatani nao, maadamu ada ya shule imekwisha kutengwa wala hakuna mtu anayeidai nyumba hiyo. Mtoto aliyezaliwa Kariakoo na kukulia Kariakoo aweza kumaliza shule ya msingi asijue kwamba mwendo wa saa mbili tu kutoka mlangoni pao uko mnara ambamo maiti ya Daktari Livingstone ilikesha usiku mmoja, ingawa kila siku mtoto huyo hutumwa dukani akapita katika mtaa uitwao Livingstone.

Lakini safari nyingi za namna hii huharibika kabla gurudumu halijazunguka, maana hupangwa kwa kutazama ramani. Baba huweka kidole chake juu ya Dar es Salaam, akakipeleka hata Tanga, akaona ni karibu, akasema, "Tutaona Bagamoyo asubuhi, Saadani mchana, na jioni tutalala Pangani." Ramani haina mashimo, wala haina mizani ya malori, wala haina mtoto wa miaka minne atakaye kushuka kila baada ya nusu saa. Basi neno tunalotaka kulisema kwa nguvu ni hili: safari ya pwani isipimwe kwa kilomita, ipimwe kwa saa za mchana. Mwezi wa Juni jua letu huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nalo huzama kama saa kumi na mbili na robo jioni. Hazitimii hata saa kumi na mbili za nuru. Ondoeni saa za kula, na za kutazama yale mliyoyaendea, na saa moja ya pancha. Zinazobaki ndizo saa zenu za kwenda njiani. Kilicho nje ya hizo ni giza, na gizani kuna lori lililoharibika likaachwa katikati ya barabara bila taa, na mpanda baiskeli asiye na taa, na ng'ombe. Haifai kuwatia watoto katika hatari hiyo ili kuokoa gharama ya chumba cha usiku mmoja.

Majira nayo yahesabiwe. Masika, tangu Machi hata Mei, si wakati wa kwenda pwani kwa gari, maana barabara zisizo na lami hugeuka kuwa tope, na udongo mweusi wa upande wa Saadani humnasa hata dereva hodari. Desemba huwa na mvua za vuli, tena nauli na vyumba hupanda bei kwa ajili ya Krismasi. Juni ni kukavu na kuna baridi kidogo, ila upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na kuichafua bahari. Wasomaji wanakumbuka habari ya merikebu iliyompeleka Mtume Paulo Rumi, jinsi watu walivyong'oa nanga wakati wa kusafiri ulipokwisha kupita, kwa sababu tu waliitamani bandari iliyo nzuri zaidi ya ile waliyokuwamo.

Yafuata habari ya fedha. Yule mtu wa mfano aliyetaka kujenga mnara aliketi kwanza akahesabu. Basi na baba na mama waketi pamoja, wala si baba peke yake, kwa kuwa mara nyingi mama ndiye ajuaye chakula cha watu sita kwa siku sita ni kiasi gani. Kwenda Tanga kwa njia ya Bagamoyo na Msata, kisha Pangani, kisha kurudi, pamoja na kuzungukazunguka mijini, haipungui sana kilomita 850. Gari liendalo kilomita 10 kwa lita moja litataka lita 85, nanyi ongezeni lita kumi kwa tahadhari. Bei ya juu ya petroli hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Hivyo mwenye kupanga safari ya katikati ya Juni aweza kujua hesabu yake mapema bila kubahatisha. Viingilio vya magofu na mapango vya raia si sawa na vya wageni wa nchi nyingine, na mara nyingi havipokewi kwa fedha mkononi. Ulizeni kwa simu kabla ya siku ya kuondoka.

Jamaa zisizo na gari huweza kuungana mbili na kukodi moja. Hapo twaomba ruhusa ya kusema kidogo juu ya dereva. Tumesikia mara nyingi habari ya watu waliokodi gari pamoja na dereva wake, wakahesabu petroli, wakahesabu vyumba vyao, wakahesabu hata soda za watoto, ila kitanda cha dereva hawakukihesabu. Usiku wao hulala katika nyumba ya wageni chini ya chandarua, naye hulala ndani ya gari, huku ameshusha kioo kidogo apate hewa na mbu wapate njia. Asubuhi hukabidhiwa roho za watu wanane. Ni jambo la ajabu kwamba watu wanaomwombea dereva kwa sala ndefu kabla ya kuondoka humnyima usingizi ambao ungekuwa nusu ya jibu la sala yao. Chumba chake kiandikwe katika hesabu mbele ya vyumba vyenu, na chakula chake kiwe kilekile cha meza yenu. Tena akisema amechoka, asibishwe. Wala watu wasizidi viti. Mtoto wa kupakatwa naye ni mtu, na mkanda wa kiti haufungi watu wawili.

Matengenezo ya gari yafanywe juma zima kabla, si jana yake. Kariakoo na Gerezani hakukosekani kitu. Vipuri vya kila namna vimejaa, vizuri na vibaya pamoja. Katika kununua tairi msitazame weusi wake tu, maana weusi hupakwa. Ubavuni mwa tairi zimechorwa tarakimu nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi ghalani hukauka hata kama halijatumiwa siku moja. Lile la akiba nalo litiwe upepo, na jeki ijaribiwe nyumbani, ili msije mkajua njiani kwamba haifiki. Pembetatu mbili na kizima moto polisi watavitaka, na bima iwe haijapita tarehe. Yanayobaki mama wayajua kuliko sisi: mkeka, kurunzi, jerikeni la maji, dawa, khanga mbili za ziada.

Jina lenyewe la Kariakoo linatoka kwa watu wa mizigo. Baada ya Waingereza kuutwaa mji huu mwaka 1916, mahali hapo palikuwa kambi ya jeshi la wapagazi, Carrier Corps kwa lugha yao, nasi kwa ndimi zetu tukapaita Kariakoo. Wapagazi wale walibeba vyakula na risasi za vita, wakafa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa bunduki. Twalitaja neno hili kwa sababu motakaa itokayo hapa kwenda Bagamoyo yatoka mji wa wapagazi na kuingia mji mwingine wa wapagazi.

Ondokeni siku ya Alhamisi alfajiri, kabla Mwenge na Tegeta hazijajaa magari. Bagamoyo iko kama kilomita 70, na mtu wa haraka huiona kuwa ni mahali pa kupita tu. Sisi twashauri mlale pale, tena siku hiyo msiwe na kazi nyingine yo yote. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo kutoka Unguja mwaka 1868, wakasimamisha msalaba karibu na bahari, wakaanza kuwalea watoto walionunuliwa kutoka utumwani. Mwaka uliofuata ukaingia ugonjwa wa kipindupindu. Mwaka 1872 tufani kubwa ikabomoa sehemu kubwa ya kazi yao. Wapelekeni watoto makaburini wakasome miaka iliyoandikwa juu ya misalaba. Wataona wenyewe jinsi wengi wa wamisionari wale walivyokufa wakiwa vijana. Wala haidhuru kama ninyi si wa kanisa lao. Mbuyu uliopandwa katika miaka ile ungali umesimama, na shina lake limeumeza mnyororo uliofungwa hapo zamani.

Kisha nendeni kwenye mnara wa kanisa la kale. Tarehe 24 Februari 1874 maiti ya Livingstone ilifikishwa hapo. Alikuwa amefariki mwaka 1873, mwezi wa Mei ukianza, katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mzigo, wakauchukua kwa miguu miezi kama tisa, wakipita katika njaa na homa na nchi za watu walioogopa kupitishiwa maiti. Jina la Livingstone kila mtoto wa shule alijua. Majina ya Chuma na Susi, walioongoza msafara ule, ni wachache wayajuao. Na Jacob Wainwright, aliyesoma maneno ya maziko ya moyo ule na kuchora jina juu ya mti, hajulikani hata kwa walimu wengi. Wainwright alikuwa Myao aliyetolewa utumwani akasomeshwa Nasik katika India. Yeye alisafiri pamoja na jeneza hata Uingereza, akawa miongoni mwa walioshika kitambaa chake siku ya maziko London, mwezi wa Aprili 1874. Wengi wa wenzake walilipwa ujira wao hapo pwani wakaambiwa kwaherini. Mwalimu mwenye kuwapeleka wanafunzi angefanya vema kuwaandikisha majina hayo matatu kwanza, ndipo awasimulie habari ya Mzungu. Njia ya kilomita 70 watoto wataona ilikuwa ndefu. Waambieni ile nyingine ilikuwa zaidi ya 1,500.

Jioni, jua likiisha kupoa, Kaole iko karibu, kusini ya mji. Huko kuna magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo ya Waswahili wa kale, mengine ya tangu karne ya 13. Vueni viatu pale mtakapoambiwa kuvua, na mama na binti wavae nguo za heshima. Katika miji hii ya pwani mzee hupewa shikamoo yake hata kama hamumjui, na mwenye kutembea sokoni akiwa na nguo za kuogelea hudhaniwa kuwa hakulelewa.

Ijumaa ni siku ya njia. Hapo mtakuta shauri la njia mbili. Moja yafuata pwani, hupita Saadani, mbuga ya taifa inayogusana na Bahari ya Hindi, na kutokea Pangani. Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa ya udongo mtupu. Katika miaka ya 2020 ndipo serikali ilipoanza kuitia lami na kujenga daraja kubwa juu ya mto Pangani. Kwa hiyo kabla ya kuondoka waulizeni watu wa barabara, au madereva waliopita juma hilohilo, kama sehemu zote zapitika, na kama mto unavukwa kwa daraja au bado kwa kivuko. Lakini wenye watoto wadogo na gari la chini, na hasa wanaokwenda mara ya kwanza, twawashauri wapite Msata. Lami ya kilomita 64 itawafikisha huko kutoka Bagamoyo, kisha mtavuka mto Wami na kupita Segera na Muheza hata Tanga. Ni njia ya malori na mabasi, haina bahari ya kutazama, basi nendeni taratibu, na kila kijiji mshuke hadi mwendo wa 50 hata kama hamwoni polisi. Muheza nunueni machungwa. Hapo karibu iko Magila, ambako zamani wamisionari wa UMCA walipiga chapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Habari za Mwezi, ndugu mkubwa wa magazeti madogo kama hili letu.

Mashamba ya mkonge mtakayoyaona pande zote yana asili ya kushangaza. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Ilipofika ilikuwa hai 62 tu, nayo ikapandwa upande wa Pangani. Kutoka miche hiyo 62 yakaja mashamba yaliyowaita watu wa makabila mengi kufanya kazi Tanga, pengine na babu wa msomaji mmojawapo.

Jumamosi nendeni mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini. Ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa miaka isiyohesabika. Chukueni kurunzi zenu hata kama kiongozi anayo yake. Mtaona chumba ambamo watu huacha sadaka za mizimu, na watoto watauliza. Wajibuni kweli, ila pasipo dhihaka. Bibi zetu wengi walisali hivyo kabla hawajasikia Injili, na huenda hapo mlangoni amesimama mtu aliyeileta sadaka ile kwa ajili ya mwanawe mgonjwa. Jumapili gari lipumzike na dereva apumzike. Tanga haikosi kanisa la kila jamaa, na wageni husalimiwa kwa furaha.

Jumatatu shukeni Pangani, kama kilomita 50. Katika njia hiyo iko Tongoni, msikiti uliobomoka na makaburi mengi chini ya miti. Karibu na pwani hii, mwezi wa Januari 1499, Vasco da Gama aliichoma merikebu yake mojawapo, kwa sababu mabaharia wake walikuwa wamekufa hata hawakutosha kuziongoza zote. Pangani yenyewe ni mji mdogo wa kale, uliolala ukingoni mwa mto. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889.

Wengi hupenda kwenda kisiwa cha Maziwe kwa mashua. Kisiwa hicho kilihifadhiwa mwaka 1975. Siku hizo kilikuwa na miti, na kasa walipanda kutaga mayai. Baadaye bahari iliila miti yote, likabaki fungu la mchanga lionekanalo maji yakipwa tu na kufunikwa yakijaa. Basi huko haiendwi kwa kalenda ya likizo, huendwa kwa kalenda ya mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa sana. Wakati wa maji mafu hupungua kidogo tu. Na kila siku saa ya kupwa husogea mbele karibu dakika 50, hata iliyokuwa saa tatu leo, kesho itakaribia saa nne. Mwulizeni nahodha siku moja kabla. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea, lililofungwa, si la kukaliwa. Na nahodha akiutazama upepo wa kusi akasema leo hapana, msimwongezee fedha. Kaeni ufukoni mle samaki.

Kurudi ni siku moja nzima, kwa njia ya Muheza na Segera na Chalinze, zaidi ya kilomita 350. Ondokeni Jumatano mara kukipambazuka. Ikiwa saa tisa alasiri bado hamjafika Chalinze, laleni Chalinze. Shule na kazi zitangoja asubuhi moja. Na wenye kutaka kuwaletea jirani samaki wa Pangani wawanunue asubuhi ileile ya kuondoka, wawafunge kwa barafu katika sanduku lenye kifuniko, na sanduku lisiwekwe chini ya miguu ya watoto.